Vinavyopita Juu Yetu Baina ya Magharibi na Isha

(Mhadhara uliotolewa Unguja mbele ya wanafunzi wa skuli na wazazi wao. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na kukatizwa kwake.)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya vyombo vya angani vinavyopita usiku, na mwalimu aliyenialika akaniuliza kama nitakuja na darubini. Nikamwambia sina haja nayo, na nyinyi hamna haja nayo. Kwa kazi hii darubini ni mzigo mtupu: kitu kinakwenda mbio, mpaka umalize kukilenga kimeshakupita. Macho yako yanatosha, na miwani kwa mwenye kuvaa miwani. Kinachotakiwa ni kujua utoke nje saa ngapi na uelekee wapi. La saa ndilo kubwa, na nusu yake watu wa mwambao huu wanaijua tangu utotoni. Nitawaonyesha.

Kwanza niwaeleze kinavyoonekana, maana wengi wenu mmekiona mkadhani ni ndege. Nachukua kile kikubwa kuliko vyote, Kituo cha Kimataifa cha Anga. Umesimama uwanjani, jua limezama yapata saa nzima iliyopita, sayari ya Zuhura inawaka upande wa magharibi ikiwa ni msimu wake. Chini kabisa, kusini-magharibi, juu kidogo ya minazi, inatokea nukta nyeupe. Mwanzoni ni hafifu, unaweza kudhani ni nyota iliyochelewa. Lakini inapanda. Haipepesi, haina taa nyekundu wala kijani, haina mlio. Kila inavyopanda inazidi kung'aa, na ikifika utosini hakuna nyota inayoishinda. Siku nzuri hata Zuhura inakaribiwa. Halafu inaanza kuteremka kaskazini-mashariki, na hapo, katikati ya mbingu safi isiyo na wingu hata moja, inafifia, inageuka rangi kama ya kutu, na kwa sekunde chache imetoweka. Haikuzama. Imezimika ikiwa juu.

(Mtoto mmoja mbele: “Wamezima taa?”)

Ahsante mwanangu, hilo ndilo swali. Hawakuzima kitu, kwa sababu hawakuwa na taa ya kuiona kutoka huku. Kituo kile kina upana wa mita 109, karibu na uwanja wa mpira, uzito wake ni zaidi ya tani 400, na kina mabawa makubwa ya sola. Kinachokufanya ukione ni jua linalopiga mabawa na mwili wake, basi. Wewe uko gizani, chenyewe kiko mchana. Kikiingia katika kivuli cha Dunia, na chenyewe kinakuwa usiku, na mambo yanaishia hapo.

Watu wa Moshi wanalijua jambo hili kwa namna yao. Mjini giza limeshaanza kuingia, na theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bado ina wekundu wa jua. Kibo kina kimo cha mita 5,895 tu. Sasa pandisha kimo hicho hadi kilomita 420 hivi, ambako ndiko Kituo cha Anga kilipo, halafu jiulize: huko juu jua linazama saa ngapi?

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Sisi tuna adhana ya Magharibi na adhana ya Isha. Magharibi inaingia jua likizama. Isha inaingia shafaki ikiondoka, yaani ule mwanga unaobaki magharibi ukishamalizika. Ratiba nyingi za sala zimepigwa hesabu kwamba jambo hilo hutokea jua likiwa limeshuka nyuzi 17 au 18 chini ya upeo wa macho. Na mwanga wa shafaki unatoka wapi, ikiwa jua limeshazama? Ni jua lilelile. Kwetu limezama, lakini hewa iliyo juu sana bado linaipata, na hewa ile inaturudishia mwanga kidogo. Likishuka zaidi, hata hewa ya juu hailipati tena, giza linatimia, mwadhini anapanda.

Kwa chombo kilichopo utosini mwetu kwa kimo cha kilomita 420, hesabu ya pembe inasema kitaingia kivulini jua likiwa nyuzi 20 hivi chini ya upeo. Shafaki nyuzi 18, chombo nyuzi 20. Hapa kwetu jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi mbili ni dakika nane hivi. Maana yake ni kwamba muda wa kukiona Kituo cha Anga jioni unaanza pale giza linapotosha kuona nyota, kama dakika 25 baada ya Magharibi, na unafungwa dakika chache baada ya adhana ya Isha. Ratiba ya msikiti wa mtaani kwako ndiyo ratiba ya setilaiti, na ni hesabu ya jua lilelile.

Na asubuhi ni hivyo hivyo kwa kugeuza. Adhana ya Alfajiri inapoadhiniwa jua liko kama nyuzi 18 chini, likipanda. Ukitoka msikitini baada ya sala, mbingu bado nyeusi kiasi, tazama juu. Tofauti ni kwamba alfajiri mambo yanakuja kinyume: chombo hakifi katikati ya mbingu, kinazaliwa hapo. Hakuna kitu, hakuna kitu, halafu pale utosini panawaka nukta na kuanza kukimbilia mashariki. Kwa maoni yangu hii ya alfajiri ni nzuri kushinda ya jioni, lakini najua ni vigumu kuwashawishi vijana.

Anayekesha mpaka saa sita usiku akisubiri setilaiti, basi, anajinyima usingizi bure. Wakati huo jua liko chini kabisa ya miguu yetu na vyombo vyote vya karibu viko kivulini. Vinapita, tena vingi, lakini vinapita gizani. Vilivyo juu zaidi, kwenye kilomita 1,000 na kuendelea, huonekana mpaka baadaye kidogo, ila vingi vyao ni hafifu.

London mwezi wa Juni ni kisa kingine. Huko jua halishuki sana chini ya upeo usiku mzima, kwa hiyo Kituo cha Anga kinaweza kuonekana saa nne, kikarudi saa tano na nusu, kikarudi tena saa saba, kila baada ya dakika 93 hivi. Sisi hatuna anasa hiyo. Sisi tuna dirisha la chini ya saa moja jioni na jingine asubuhi, mwaka mzima, bila ya kubadilika sana. Dirisha dogo, lakini halifungwi na msimu. Linafungwa na mawingu tu. Wakati wa Masika msijisumbue. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kazi hii.

Sasa tuje kwenye mahali. Nimekuja na chungwa na mpira wa kufungia noti.

(Hapa nililiinua chungwa ili hata wa nyuma waone.)

Chungwa ni Dunia. Mstari huu wa kalamu katikati ni Ikweta. Nauvalisha mpira pale chungwa lilipo pana kabisa, maana njia ya chombo lazima izunguke kitovu cha Dunia, haiwezi kuvalishwa kama kofia juu ya kichwa. Nauinamisha hivi. Nauinamisha zaidi. Nausimamisha kabisa upite kwenye ncha mbili. Njoo wewe binti, tafuta namna ya kuuvalisha usiukate mstari wa Ikweta.

(Alijaribu. Akajaribu tena. Wenzake wakamcheka.)

Haiwezekani. Labda uulaze juu ya mstari wenyewe. Kila kitu kinachoizunguka Dunia, kiwe cha Wamarekani, Warusi, Wachina au Wahindi, kiwe cha hali ya hewa au cha kijeshi ambacho hakitajwi, kinakata Ikweta mara mbili katika kila mzunguko. Chombo chenye njia iliyoinama nyuzi 28 tu kutoka mstari wa Ikweta hakifiki Ulaya ya kaskazini daima, kwetu kinafika. Sisi tuko nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Hakuna anayeruka akatukwepa.

Lakini nisiwadanganye kwa upande mmoja. Vinapita, havikai. Kituo cha Anga njia yake imeinama nyuzi 51.6, na kikifika mwisho wa mwinamo wake kule Ulaya kinakuwa kama kinatambaa kufuata latitudo ileile, ndiyo maana wao wanakipata mara tatu nne kwa usiku. Kwetu kinakatiza tu, kikitokea kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, au kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Jioni moja tukipata mpito mmoja mzuri tushukuru.

Yetu ni Hubble. Hii ndiyo darubini ya angani iliyorushwa Aprili 1990, ina urefu wa mita 13 na ushei, na picha zake za nyota mmeziona kwenye vitabu vya skuli. Njia yake imeinama nyuzi 28.5 tu. Mtu wa London au Berlin haioni kwa macho maisha yake yote, haipandi juu ya upeo wake. Sisi inatupitia karibu na utosi, ikitokea magharibi kwenda mashariki, ikiwa na mwanga wa nyota ya kawaida iliyo angavu kiasi. Haishtui watu kama Kituo cha Anga. Lakini mtu anayejua anachokiona, anajua kuwa ile nukta ndiyo iliyotuonyesha magalaksi ya mbali. Wapo wataalamu wakubwa wa Ulaya wanaotumia data za Hubble kila siku na hawajapata kuiona ikipita. Mvuvi wa Nungwi ameiona mara ngapi, tena bila ya kuuliza!

Kituo cha Wachina, Tiangong, nacho ni chetu vizuri: njia yake imeinama nyuzi 41 na nusu, kimo chake kilomita 390 hivi, kilianza kujengwa 2021 kikakamilika 2022. Kinang'aa sana, kidogo chini ya kile cha kimataifa. Wengi wakiona nyota mbili zinazopita kwa jioni moja hudhani ni kitu kimoja kimerudi.

Na zile setilaiti za televisheni? Hizo zimelazwa juu ya mstari wa Ikweta wenyewe, kwa umbali wa kilomita 35,786, zinazunguka pamoja na Dunia kwa hiyo zinaonekana kama zimesimama. Kwa macho hatuzioni. Ila angalieni madishi ya nyumba zetu yanavyotazama juu mpaka mvua inajaa ndani, halafu muulizeni jamaa yenu aliye Ulaya dishi lake linatazama wapi: linatazama ukuta wa jirani.

Mambo haya si mageni katika kisiwa hiki, na naona ajabu kwamba vijana wengi hawajaambiwa. Pale Tunguu palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya Mradi wa Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani. Wakati ule hakukuwa na setilaiti za kupitishia mawasiliano. Rubani akiondoka Florida ilibidi apokewe na kituo baada ya kituo duniani kote, kila kimoja kikizungumza naye kwa dakika chache anapopita juu. Katika Afrika kimoja kilikuwa Kano, Nijeria, na kimoja hapa. Kilikuwa na antena za kupokea mawimbi na kuzungumza na rubani. Siasa za wakati ule zilikuwa kali, na wako waliosema majukwaani kuwa ni kituo cha makombora. Makombora hayakuwapo. Lakini ukiwa mkulima wa Tunguu, ukazungushiwa ua na minara ikasimama, na hakuna aliyekuja kukueleza kwa lugha yako, utaamini nini? Siwalaumu.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliruka na chombo chake Friendship 7, Mmarekani wa kwanza kuizunguka Dunia. Alizunguka mara tatu kwa muda usiotimia saa tano. Alivuka Afrika, akazungumza na Kano, akazungumza na Zanzibar. Na mkitaka kujua watu wa Unguja waliona nini mpito ule wa kwanza, jibu ni kwamba hawakuona kitu, na sasa mnajua kwa nini: hapa ilikuwa jioni, jua bado halijazama. Yeye alitupita na mwanga, akaingia juu ya Bahari ya Hindi, na huko ndiko jua lilikomzamia kwa mara ya kwanza akiwa angani. Magharibi yake ilimkuta baharini mashariki yetu. Kisha akaendelea gizani mpaka Australia, ambako watu wa Perth walikuwa wamemuwashia taa za mji mzima.

Kituo cha Tunguu hakikudumu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondoke, na kikaondoka. Kazi yake ikahamia Madagaska.

(Mzee mmoja: “Mimi nilikuwa kijana, nimeuona ua wake.”) 

Basi mzee wangu, tukimaliza hapa naomba ukae na hawa vijana. Hayo utakayosema wewe mimi siyajui.

Majirani zetu wa Malindi, Kenya, walikwenda mbali zaidi. Pale Ngomeni, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, kama yale ya kuchimbia mafuta, wakayaita San Marco, na kuanzia 1967 wakarusha setilaiti kutoka hapo hapo majini. Kwa nini Malindi? Chungwa tena. Dunia inazunguka, na mtu aliye kwenye Ikweta anakwenda kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde akiwa amekaa kitako. Roketi inayorushwa mashariki kutoka hapo inapewa kasi hiyo bure.

Setilaiti iliyorushwa Malindi tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, iliitwa Uhuru kwa sababu hiyo. Aliyesimamia ujenzi wake NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota, na ilikusanya orodha ya vyanzo 339. Ndiyo iliyosaidia kumulika Cygnus X-1, kitu ambacho baadaye wanasayansi walikubali kuwa ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauwezi kutoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Njia yake ilikuwa imeinama nyuzi 3 tu, kwa hiyo maisha yake yote, mpaka ilipoanguka 1979, haikutoka juu ya nchi za Ikweta. Ilikuwa na jina la Kiswahili, ikazunguka juu ya kwetu zaidi ya miaka minane, na katika vitabu tulivyosomeshwa sisi haikupewa hata mstari mmoja.

Nirudi nyuma kidogo kwa wale wanaouliza nani alianza. Warusi, tarehe 4 Oktoba 1957, Sputnik 1. Tufe la sentimita 58, kilo 83 na ushei. Dunia nzima ilitoka nje kuliangalia, na karibu wote walichokiona ni gamba kubwa la roketi lililokuwa likizunguka karibu yake; tufe lenyewe lilikuwa dogo mno kwa macho. Wamarekani nao Agosti 1960 wakapeleka Echo 1, puto la plastiki lililopakwa alumini, kipenyo mita 30. Hilo lilionekana vizuri sana. Wazee waliokuwa watu wazima miaka ile wakikusimulia kuwa waliona “nyota inatembea”, usiwabishie.

Kwa vitendo, basi. Mwenye simu yenye intaneti afungue tovuti ya Heavens-Above, aweke mahali alipo, itamtolea orodha ya siku kumi. Soma kwa uangalifu mambo mawili. Saa imeandikwa kizungu, 19:04, nawe unajua hiyo ni saa moja na dakika nne. Halafu kuna kimo kwa nyuzi: upeo ni 0, utosi ni 90. Nyoosha mkono, kunja ngumi, upana wa ngumi yako ni nyuzi 10 hivi. Mpito wenye kimo cha juu kabisa cha nyuzi 20 ni ngumi mbili tu kutoka ardhini; kwa sisi wenye nyumba na miembe kila upande, huo uache. Tafuta wa nyuzi 50 na zaidi. Mng'ao umeandikwa kwa namba ambayo ikiwa na alama ya kutoa ndiyo angavu: kutoa 3 toka nje, jumlisha 3 lala.

Utakuta wiki moja una mipito mizuri ya jioni mfululizo, halafu kimya. Chombo hakijaharibika. Njia yake nzima inasogea magharibi kama nyuzi 5 kwa siku, kwa hiyo saa za mipito zinarudi nyuma kila siku: jioni zikiisha inahamia mchana ambako haionekani, kisha alfajiri, kisha usiku wa manane, na baada ya miezi miwili hivi mzunguko umekamilika.

Nina jambo moja la wale wenye jamaa Maskati, na humu najua ni wengi. Ukichukua mpito wa Kituo cha Anga unaotokea kusini-magharibi, ukapita juu ya Unguja kuelekea kaskazini-mashariki, ufuatishe kwenye ramani: unakwenda kando ya pwani ya Somalia, unavuka bahari, unafika Omani. Ni kama kilomita 3,900, na chombo kinafunika kilomita 7 na kidogo za ardhi kwa sekunde moja. Dakika tisa. Miezi ya katikati ya mwaka, jioni mapema, kwao jua nalo linakuwa limezama karibuni na chombo bado kiko mwangani. Mpigie shangazi simu kikiwa utosini kwako, mwambie atoke barazani aangalie kusini-magharibi. Hamtakiona vizuri kwa pamoja; mtu mmoja anakiona kwa umbali usiozidi kilomita 2,300 hivi, na mwishoni mwa umbali huo kiko chini kabisa, karibu na upeo. Lakini mtapokezana. Si kila mpito unafuata mstari huo, angalieni ramani kwanza msije mkamsimamisha bibi wa watu nje kwenye joto la Maskati bure.

Yapo mengine ya kuona. Nyota inayotembea huku ikiwaka na kuzimika kila sekunde chache ni gamba la roketi lililokufa, linajipindua. Kimondo hakimalizi sekunde tatu, hicho si chombo. Zamani kulikuwa na setilaiti za Iridium, antena zake zilikuwa bapa kama milango, zikipata jua kwa pembe sawasawa ziliwaka kushinda Zuhura mara nyingi, sekunde chache, kisha zikazima. Zile nyingi zimeshaondolewa, kizazi kipya hakimuliki hivyo. Mimi nazikumbuka kwa majonzi.

Na kuna treni. Tangu Mei 2019 kampuni ya SpaceX inarusha setilaiti za intaneti za Starlink kwa makundi, kundi la kwanza lilikuwa 60, na siku chache za mwanzo zinapita zimefuatana kwa mstari. Kila zikionekana simu zinalia Pwani nzima, mmoja anasema majini, mwingine anasema vita. Wiki kadhaa baadaye zinakuwa zimetawanyika na kupanda hadi kilomita 550 hivi, na hapo nyingi hazionekani kwa macho. Mara ya kwanza unastaajabu. Lakini sasa ziko maelfu, na wanaastronomia wenye darubini kubwa kama ile ya Rubin kule Chile wanakuta michirizi kwenye picha zao. Kampuni imejaribu kuzipaka rangi nyeusi na kuziwekea vizuizi vya mwanga, imesaidia kiasi. Msimamo wangu ni kwamba intaneti vijijini ni jambo la haki kabisa, na mbingu nayo ni mali ya kila mtu, na sijaona bado nani aliyetuuliza kuhusu hii ya pili.

(Mama mmoja: “Na vikituangukia?”)

Vingi vinaungua juu kabla ya kufika. Si vyote. Tarehe 30 Disemba 2024, kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, liliporomoka duara la chuma lenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga la Kenya likalichukua na kusema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Kama kikianguka kitu kwenye shamba lako, usikiguse, vingine vina mabaki ya mafuta yenye sumu, toa taarifa. Na ujue kwamba upo mkataba wa kimataifa wa 1972 unaosema nchi iliyorusha ndiyo inayolipa madhara yakitokea ardhini. Msikubali kuambiwa ni kudra tu.

Vya kwetu wenyewe je, vinaonekana? Havionekani, na si aibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza 1KUNS-PF, kimchemraba cha sentimita 10 kila upande, kikaachiliwa kutoka Kituo cha Anga Mei 2018. Rwanda ikafuata 2019, Uganda 2022, Kenya tena na Taifa-1 Aprili 2023. Vyote hivyo vilikuwa vya kubebeka mkononi, jua halikuwa na pa kuvipiga. Lakini kile cha Nairobi, cha Rwanda na cha Uganda vilitoka mlangoni mwa ile nukta nyeupe mnayoiona.

Na hiyo nukta muione mapema. Imekaliwa na watu bila ya kukatika tangu Novemba 2000, inazeeka, na mpango uliopo ni kuishusha baada ya 2030, iangukie sehemu ya Bahari ya Pasifiki iliyo mbali kuliko zote na makazi ya watu. Baada ya hapo cha Wachina ndicho kitakachobaki kutawala jioni zetu, labda na vya makampuni.

Nimemaliza yangu. Kuna robo saa kabla ya Magharibi, tuitumie kwa maswali, na yule mzee aliyeuona ua wa Tunguu namuomba aje hapa mbele aanze yeye.